Kijana kaitwa Kitui kusomea kilimo, naye ataka MBA: kiwanja kisiuzwe kwanza

Simu ya dadangu iliingia baada ya Isha, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Mwanawe wa kwanza, kijana tuliyemlea pamoja hapa Kisauni, kaitwa chuo kikuu. Badala ya vigelegele, mama analia. "Kaka, wamempeleka Kitui. Na biashara aliyoomba hakupata, kapewa kilimo. Mtoto ataka MBA, wao wampa jembe!" Nyuma yake nikamsikia shemeji akisema kwamba kiwanja cha Mtwapa kitauzwa wiki hiyo hiyo, mtoto asome biashara katika chuo cha kulipia hapa mjini, asitupwe bara.

Simu za namna hii hunijia kila mwaka, majibu ya KUCCPS yakitoka. Mara huwa ni Kitui, mara Wote kule Makueni, mara Machakos, na kila mara wazazi huwa wamekwisha kuita dalali wa viwanja kabla ya kumuuliza mtu swali moja tu: huyo kijana akitaka shahada ya pili ya biashara, je, lazima ya kwanza nayo iwe ya biashara? Jibu ni hapana. Mimi mwenyewe nilisomea jiografia, nikafanya kazi bandarini miaka sita, kisha nikaingia darasa la MBA la jioni. Tulikuwa na wauguzi mle ndani, wahandisi, walimu wa Kiswahili na hata askari mmoja. Waliosoma biashara tangu mwanzo hawakuzidi nusu.

Hili si jambo la kujifariji. MBA yenyewe ilizaliwa hivyo. Chuo Kikuu cha Harvard kilipoianzisha mwaka 1908, kiliwalenga watu waliokwisha kupata shahada nyingine, ili wafundishwe uendeshaji wa biashara juu ya kile walichokuwa nacho. Ndiyo sababu masomo ya mwanzo ya MBA popote duniani huwa ni ya msingi kabisa: hesabu za mali na madeni, uchumi, utafutaji wa soko, fedha, usimamizi wa watu, takwimu. Mwalimu huanza na "hii ni mizania". Aliyesoma BCom miaka minne huketi pale akisikia yale yale aliyoyasikia akiwa na miaka kumi na tisa, tena kwa karo kubwa zaidi. Simsemi vibaya mwenye BCom, kwa kuwa ni shahada nzuri, na kwa anayetaka kuwa mhasibu ndiyo njia iliyonyooka. Nasema tu kwamba mlango wa MBA haufunguki kwa jina la kozi.

Unafunguka kwa nini, basi? Kwanza kwa daraja la shahada. Vyuo vyetu vingi hupanga hivi: alama 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni la pili la juu, 50 hadi 59 ni la pili la chini, na 40 hadi 49 ni kupita tu. Mwenye daraja la pili la juu huingia MBA moja kwa moja karibu popote nchini. Wa pili la chini kwa kawaida huambiwa alete miaka kadhaa ya kazi, mara nyingi miwili, au cheti cha kitaalamu kama CPA. Mwenye kupita tu hupata taabu, na huenda akalazimika kusoma diploma ya uzamili kwanza. Tofauti ya alama 59 na 60 yaweza kumgharimu mtu miaka miwili ya umri wake.

Kwa hiyo kijana wetu akifika Kitui, jambo la kwanza la kuuliza katika ofisi ya kitivo ni mwaka wa kwanza unahesabiwaje katika daraja la mwisho, maana vyuo havifanani. La pili ni kanuni ya mitihani ya marudio. Katika vyuo vingi ukianguka somo na kulirudia, hata ukipata 75 huandikiwa 40, alama ya kupita basi. Wengi wa watoto wetu hupoteza daraja muhula wa kwanza kabisa, wakiwa bado wanatafuta chumba cha kupanga na kuzoea baridi ya asubuhi, na hawajui mpaka mwaka wa nne wanapopiga hesabu.

Sasa tuje kwenye hicho "kilimo" kilichomliza dadangu.

Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU kwa ufupi, kiko Kwa Vonza, kando ya barabara itokayo Machakos kwenda Kitui. Kilianzia katika taasisi ya kilimo ya Ukambani, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2008, na kikapata hati yake mwaka 2013, mwaka ule ule wenzetu wa Pwani kule Kilifi na TUM hapa Mombasa walipopata zao. Kina kitivo cha kilimo na kitivo cha biashara na uchumi, vyote chini ya uongozi mmoja. Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho kina kampasi huko huko Kwa Vonza. Tusizungumze kana kwamba kijana anapelekwa nyikani pasipo na mtu.

Na biashara baina ya sisi na wao ni ya zamani kuliko vyuo vyote hivyo. Karne ya kumi na tisa misafara ya Wakamba ilishuka na pembe za ndovu hadi Mombasa, ikarudi na nguo, shanga na waya. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, ndiye aliyempokea Krapf mwaka 1849, na kutoka kwake ndipo Mzungu yule akauona Mlima Kenya. Babu zetu waliijua Kitui kwa bei ya pembe. Sisi tunaijua kwa pojo, ile wanayoiita wao ndengu, na Makueni tunaijua kwa machungwa na maembe yanayoshushwa Kongowea usiku.

Hapo ndipo nilipomwita mpwa wangu, nikampa karatasi na kalamu. Nikamwambia: tuseme umenunua maembe 10,000 Wote kwa shilingi 5 kila moja. Hizo ni 50,000. Gari hadi Kongowea 25,000. Vibarua, ushuru wa soko na chai ya hapa na pale 8,000. Jumla umetoa 83,000. Sokoni embe linauzwa shilingi 12. Katika kila maembe kumi, moja limeoza njiani. Una faida gani?

Akapiga: 9,000 mara 12 ni 108,000. Kutoa 83,000, faida 25,000.

Nikamwambia gari limeharibika Mtito Andei, mmelala njiani, na sasa yanaoza matatu katika kumi. Akapiga tena: 7,000 mara 12 ni 84,000. Faida shilingi elfu moja. Akaniangalia. "Mjomba, elfu moja kwa kazi yote hii?"

Bei ni zangu, nimezibuni ili hesabu iwe nyepesi, lakini shida yenyewe ni ya kweli. Aliyesoma biashara peke yake ataiona faida ikipotea na ataandika ripoti nzuri. Aliyesoma kilimo atajua kwa nini embe limeoza: lilichumwa likiwa na umri gani, aina gani, lilifungwa vipi, nzi wa matunda aliingia saa ngapi. Mdudu huyo si mdogo katika biashara hii. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya kwa sababu yake, na mauzo hayo yakafunguliwa tena mwaka 2021, Makueni ikiwa mstari wa mbele katika kutenga maeneo yasiyokuwa na mdudu huyo. Miaka saba ya soko kufungwa, na ufunguo ulikuwa mikononi mwa watu waliosomea wadudu na mimea. Kule Kalamba kaunti ya Makueni imejenga kiwanda cha kusindika maembe kuwa rojo, ili mkulima asimtegemee dalali peke yake wakati maembe yanaiva yote kwa mpigo na bei inaanguka. Kiwanda kama kile chahitaji meneja anayesoma mizania na pia anajua tofauti ya ngowe na Kent. Watu wa namna hiyo ni wachache. Ngowe, kwa taarifa yako, ni embe la kwetu Pwani.

Kwa hiyo shauri langu kwa kijana lilikuwa: nenda, lakini nenda kwa mpango.

Mpango wenyewe si mgumu. Katika masomo ya kuchagua, achukue uchumi wa kilimo, takwimu na utangulizi wa uhasibu kila inaporuhusiwa, hata kama wenzake wanakimbilia yuniti rahisi. MBA haiogopeshi kwa Kiingereza chake, huogopesha kwa hesabu. Wenzangu walioacha njiani waliacha katika somo la fedha na lile la takwimu. Wakati wa mafunzo ya nje asikubali kupelekwa mahali pa kupanga mafaili tu, aombe kiwanda, chama cha ushirika, ghala la nafaka, au idara ya kilimo ya kaunti. Na ule utafiti wa mwaka wa nne aufanye juu ya jambo lenye pesa ndani yake. Kwa mfano, pojo hupoteza kiasi gani cha thamani kati ya shamba la Mwingi na duka la Majengo? Kazi kama hiyo ataibeba katika kila mahojiano kwa miaka kumi.

CPA je? Wazazi wa Mombasa wanaipenda sana CPA, na hawakosei. Ni mtihani wa KASNEB, una ngazi tatu, na mwenye C+ ya KCSE anaweza kuuanza. Lakini nimeona vijana wakiusoma pamoja na shahada, wakaangukia katikati. Mitihani ya KASNEB huwa Aprili, Agosti na Desemba, na Aprili na Desemba mara nyingi hugongana na mitihani ya chuo. Kama analazimika, achukue karatasi mbili tatu za Agosti akiwa likizoni, asipite hapo. Daraja la shahada ndilo la kulindwa kwanza. CPA yaweza kungoja, lakini alama za mwaka wa pili hazirudi.

Haya yote yanamfaa kijana anayekipenda kilimo au angalau hakichukii. Wapo ambao kubadilisha ni haki yao. Kama ndoto yake hasa ni uhasibu, kama biolojia ilimtesa tangu kidato cha kwanza, au kama anataka hesabu za bima, basi asijilazimishe. Lakini hata hapo kuna njia kabla ya kuuza kiwanja. KUCCPS hufungua muda wa uhamisho baina ya vyuo na kozi. Anayehama lazima awe amefikia alama za kundi la masomo, zile zinazohesabiwa juu ya 48, ambazo kozi anayoitaka ilizikatia mwaka huo, na nafasi iwepo. Alama zake na za kozi zote zimo kwenye mtandao wa KUCCPS. Kaeni naye mzitazame. Huenda BCom ya Pwani au TUM ilikuwa ndani ya uwezo wake, akaikosa kwa kupanga vibaya machaguo yake.

Kuhusu pesa, shemeji alidhani chuo cha umma na cha kulipia tofauti yao ni karo tu. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 hugawa gharama ya mwanafunzi baina ya ruzuku ya serikali, mkopo wa HELB na mchango wa nyumba, kwa kutazama hali ya familia. Umelalamikiwa na kufikishwa mahakamani, kwa hiyo kila mzazi asome barua ya mwanawe kwa makini. Lakini aliyepangwa na KUCCPS chuo cha umma ndiye anayeweza kuiomba ruzuku ile. Akitoka akajiandikisha mwenyewe chuo cha kibinafsi, ruzuku haimfuati. Mkopo wa HELB nao una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza. Najua suala la riba linawasumbua wengi wetu, na sitalitolea fatwa hapa. Kila nyumba izungumze na shekhe wake mapema, kijana akiwa bado hajajaza fomu. Nimeona watoto wamekwisha kutia saini halafu baba ndipo anauliza.

MBA yenyewe haina haraka. Hili ndilo gumu kuliko yote kumweleza mzazi, maana sisi tunataka mtoto amalize "masomo yake yote" ndipo aanze maisha. Darasa la MBA hujifunza kwa visa: mwalimu anauliza, wewe kazini kwako jambo hili lilikwendaje? Asiyewahi kufanya kazi hana la kusema. Miaka miwili ndiyo kidogo kabisa, minne au mitano ni bora. Anayetazama nje pia ajue hivyo. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza, ambako MBA huwa ya mwaka mmoja, hudai saa 2,800 za kazi baada ya shahada, yaani kama miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka miwili. Vyuo vingi vya Marekani na Ulaya hutaka mtihani wa GMAT: saa mbili na robo, sehemu tatu, alama kati ya 205 na 805, na matokeo yake hudumu miaka mitano. Kwa hiyo kijana mwenye kichwa chepesi aweza kuufanya mwaka wa nne wa chuo, hesabu zikiwa bado moto, akaja kuutumia akiwa kazini. Vyuo vya hapa kwetu kwa kawaida havitaki GMAT.

Wengi watasoma hapa hapa, jioni au wikendi, wakiwa na kazi. SEKU inafundisha MBA, na Mombasa vyuo kadhaa vinafundisha. Karo hulipwa kidogo kidogo, na waajiri wengine huchangia ukiomba kwa maandishi. Masomo ya darasani huisha mwaka mmoja na kitu. Hatari iko kwenye mradi wa utafiti wa mwisho. Nusu ya wenzangu walimaliza darasa wakakwama hapo, mwaka ukawa miaka mitatu, mwalimu msimamizi akihamishwa, mtu akioa. Ndiyo nikasema utafiti wa shahada ya kwanza ufanywe vizuri: aliyekwisha kuandika mmoja hatishwi na wa pili.

Na kabla sijasahau, MBA za mtandaoni za miezi minane. Jamaa yangu aliye Ghuba alilipia moja kwa akiba ya miaka miwili. Cheti kilikuja kizuri, kina muhuri wa dhahabu. Mwajiri alipokiuliza asili yake, hakikupatikana popote. Chuo chochote cha hapa, hakikisha kina ithibati ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na hiyo programu yenyewe iwe imeidhinishwa, maana chuo halali chaweza kutangaza kozi isiyokubaliwa bado. Cha nje, muulize mwajiri unayemtaka kama anakitambua kabla hujatuma hata senti.

Dadangu alinisikiliza mpaka mwisho siku ile, kisha akauliza maswali yake matatu, wala hakuna lililohusu MBA. Atakula nini, ataswali wapi, na atafikaje. Nikamjibu kwamba Kitui mjini kuna msikiti na jamii ya Waislamu ya miaka mingi. Kwamba chakula chao si kigeni, ni mahindi, kunde na hiyo pojo, nazi tu ndiyo itamkosa, na hiyo ataibeba. Na kwamba siku hizi haimlazimu kuzungukia Nairobi, maana toka Kibwezi kuna lami hadi Kitui kupitia Ikutha na Mutomo, au achukue treni ashuke Emali.

Shemeji hakusema kitu. Kesho yake alinipigia kuuliza kama nina barua ya mfano ya kuomba mafunzo ya nje kiwandani. Nikamwambia kijana ndiye ataiandika mwenyewe, mwaka wa tatu. Kiwanja cha Mtwapa bado kipo, na dalali bado anapiga simu.